Magurudumu ya Madamu

Magurudumu manne yalishushwa mbele ya nyumba ya Taratibu siku ya Ijumaa, saa kumi jioni, na hakuna aliyemuuliza kama anayahitaji. Dereva wa Madamu aliyavingirisha moja moja kutoka kwenye pikapu, akayaegemeza ukutani, akapangusa mikono.

"Madamu anasema ni zawadi yako," akasema. "Bosi, mume wake, kanunua mengine, haya bado mazima. Uyafunge upesi, anasema, watoto wasishushwe tena getini na gari lenye miguu ya kuku."

"Mwambie nashukuru sana," akasema Taratibu.

Angesema nini kingine? Madamu alikuwa na watoto wawili kati ya watano ambao Taratibu aliwapeleka shule asubuhi na kuwarudisha alasiri, na ni yeye aliyewashawishi wazazi wa wale watatu wengine. Nyumba ile ilikula kwa safari hizo. Madamu akinuna, sufuria nayo hununa.

Mkewe alitoka jikoni na mikono yenye povu. Mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu, kwa sababu ya binti yao aliyefundisha shule hiyohiyo. Aliinama, akapima tairi moja kwa kiganja, kisha akaenda kupima lile la kwenye gari.

"Mapana haya, Baba Mwalimu. Yataingia kweli?"

"Yataingia."

"Mbona umejibu haraka hivyo?"

Binti yao aliporudi na madaftari kwapani alisema lililokuwa vichwani mwao wote. "Baba, kwa nini usimwambie tu kwamba hayaingii?"

"Nimwambie zawadi yake haifai?"

"Umwambie ukweli."

"Mwanangu, ukweli wa kumwambia mwenye nacho unataka tumbo lililoshiba," akasema Taratibu, na akacheka, lakini mkewe hakucheka.

Huyu mzee hakuwa mzembe, na hilo lieleweke mapema. Aliendesha malori miaka thelathini bila kumkanyaga hata kuku. Jina la Taratibu alipewa na watoto, maana kwenye kila tuta alikanyaga breki kana kwamba amebeba mayai, na wao nyuma wakiimba "taratiiibu, taratiiibu" mpaka tuta lipite. Wazazi hawakumpa watoto wao kwa ajili ya uzuri wa gari lake. Walimpa kwa sababu ya mguu wake wa breki.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Fundi Chaki. Gereji yake ilikuwa bati nne juu ya nguzo za bomba, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kipande cha chaki nyuma ya sikio.

"Yanaingia," akasema baada ya kufunga gurudumu moja la mbele, "lakini kuingia si kukaa. Njoo uone."

Aligeuza usukani hadi mwisho. Kwa ndani tairi liliigusa shokapu. Hata karatasi isingepita katikati. Ingekuwa barabarani, tairi lingejila lenyewe mpaka lipasuke.

"Tutaweka spesa," akasema Fundi. Alimwonyesha kipande cha mviringo cha alumini, unene wa kidole gumba, chenye matundu matano. "Hii inakaa kati ya gurudumu na habu, kile chuma linakofungiwa, inalisukuma gurudumu nje. Bolti nazo nazibadilisha, naweka ndefu. Mtu akikwambia utaweka spesa ukabaki na bolti fupi, huyo anakuchimbia kaburi."

"Na likishasukumwa nje, halitakwaruza madigadi hapa juu?"

"Litakwaruza. Ndiyo maana nitaukunja mdomo wa madigadi. Hii kazi ni hivyo, mzee wangu, ukimaliza tatizo la ndani umezaa la nje."

Alikunja midomo ya madigadi kwa moto na nyundo ya mbao, taratibu, bodi isipate mikunjo. Kisha akayapaka mabega ya matairi chaki tupu, akaita watu watano waliokuwa pale gerejini, akawapakia wote ndani pamoja na mifuko miwili ya saruji. Gari liliinama kwa nyuma. Akaliendesha juu ya mtaro mshazari, usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, watu wakigongana vichwa na kumtukana.

"Wenzangu wanajaribu gari tupu," akasema alipoteremka. "Gari tupu halikwaruzi kitu. Mtu hupimwa akiwa na mzigo kichwani."

Chaki ilikuwa imefutika sehemu moja, nyuma kushoto. Akaukunja mdomo zaidi, akawarudisha watu garini kwa vitisho na ahadi ya soda. Safari ya pili chaki ilitoka nzima pande zote.

Ndipo ikaja sehemu ambayo Taratibu hakuiona. Fundi alifungua tena magurudumu, akasugua habu kwa brashi ya waya, akasugua spesa, akasugua nyuma ya rimu, mpaka kila kitu kikawa cheupe. "Chuma kwa chuma," akasema bila kuinua uso. "Hapa katikati hapatakiwi kitu. Si kutu, si grisi, si hata vumbi, sikia vizuri." Lakini aliyetakiwa kusikia alikuwa amesimama kule barabarani, amewapa mgongo, simu sikioni.

"Ndiyo, Madamu. Yanafungwa sasa hivi, Madamu. Hapana, Madamu, hayachelewi. Jumatatu utayaona."

Aliporudi Fundi alikuwa anafunga nati na kuhesabu mizunguko kwa sauti. "Saba, nane, tisa. Ikiingia chini ya nane, unakwenda nyumbani kwa miguu." Alikaza kwa spana ya mkono mrefu, akachukua brashi ndogo, akachora mstari wa njano kutoka kwenye kila nati hadi kwenye rimu.

"Mistari hii ikipinda, nati imejigeuza. Jumanne au Jumatano uje nikaze tena. Na usifungue. Kama kuna haja ya kufungua, njoo kwangu."

"Nimekuelewa, Fundi."

Akaondoka. Gari lilipita matuta yote bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa moyo wake ukatulia.

Jumatatu getini madereva wenzake walikuwa wameegemea magari yao wakisubiri kengele. Mmoja wao, mwenye basi dogo jipya, alipiga magoti mbele ya gurudumu la Taratibu kana kwamba anasujudu.

"Jamani njooni! Mzee kalivisha gari mchuchumio!"

Wakaja wote. Rimu za Madamu zilikuwa na nafasi kubwa kati ya spoki zake, na spesa mpya za alumini zilimetameta kule ndani kama meno ya bandia.

"Sasa litatembea au litacheza dansi?"

"Taratibu, usiku unalivua viatu?"

Taratibu alicheka pamoja nao, maana asiyecheka huchekwa mara mbili. Lakini Madamu naye aliteremka kwenye gari lake siku hiyo, akasogea na miwani yake, akainama kidogo.

"Mzee, hivyo vyuma ni vya nini?"

"Ni spesa, Madamu. Matairi yalikuwa yanagusa kwa ndani, kwa hiyo fundi—"

"Yaani umeweka vyuma chakavu kwenye rimu zangu?" Aliyasema polepole, na wazazi wawili waliokuwa wakipita wakageuka. "Nilidhani nimekusaidia upendeze. Baba watoto akiona hivi atanicheka mimi. Fanya mpango visionekane, bwana."

"Sawa, Madamu."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, akiona midomo tu bila kusikia maneno. Alimwona baba yake akiinamisha kichwa kwa mtu wa umri wa binti yake. Aliingia darasani akafuta kwa nguvu ubao uliokuwa umeshafutwa, na wanafunzi wake wakadhani wamekosa.

Jumanne alasiri, watoto wakiwa wameshateremshwa makwao, Taratibu alilipandisha gari kwenye jeki uani. Kurudi kwa Fundi aliona aibu. Angemwambia nini, kwamba gari limechekwa? Na gurudumu ni kitu gani kwa mtu aliyebadili matairi ya lori porini, peke yake, mvua ikinyesha? Alizitoa spesa zote nne, akazipanga juu ya gunia.

"Lete ile rangi ya geti," akamwambia mkewe.

Mama Mwalimu alileta kopo la rangi nyeusi ya mafuta, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupaka yeye mwenyewe, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mumewe. Jua lilikuwa zuri. Walikuwa hawajakaa pamoja uani hivyo kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo gari letu lina mchuchumio," akasema, akicheka chini chini.

"Na wewe unalivisha soksi."

Alipomaliza ukingo wa spesa ya kwanza, Taratibu akanyoosha mkono kuipokea. Mkewe akamkatalia.

"Bado upande wa ndani."

"Wa ndani hauonekani."

"Kutu huanzia pasipoonekana. Ukipaka, paka kote. Kazi ya nusu itakurudisha hapa mwezi ujao."

Akapaka kote, pande zote mbili, mara mbili, kwa moyo mmoja. Alivyosema ni kweli kwa mlango, kwa dirisha na kwa geti. Kwa spesa ilikuwa kweli ya kuua watu, na katika uga ule hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Laiti Fundi Chaki angepita njiani jioni ile, angewapokonya brashi.

Rangi si chuma. Ukiiweka kati ya chuma na chuma ukakaza kwa nguvu zako zote, utaona imekazika, na mkono wako utakuapia hivyo. Lakini gari likianza kutembea rangi hupondeka, hulainika kwa joto la breki, hujipenyeza nje kidogo kidogo. Panabaki nafasi nyembamba kuliko unywele. Nati haijageuka hata kidogo, ila haina tena inachokibana. Hapo gurudumu huanza kucheza, na kila mzunguko huzipinda bolti kidogo, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka zichoke.

Rangi haikungojewa ikauke. Asubuhi watoto watasubiri. Alifunga, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha akaona mistari ya njano ya Fundi imekwenda ovyo, kila nati inaangalia kwake. Aliifuta kwa petroli, akaingia chumbani kwa binti yake, akatoa krayoni ya njano kwenye mkebe, akaichora upya, yote ishirini.

"Ya nini tena hiyo?" akauliza mkewe.

"Fundi asijue nimefungua. Ana maneno mengi."

Mama Mwalimu akafunika kopo la rangi.

Jumatano asubuhi gari lilikwenda na kurudi vizuri, na Madamu aliinua kidole gumba kutoka dirishani kwake. Saa sita mchana Taratibu akapita kwa Fundi, kama alivyoagizwa.

Fundi alikuwa chini ya gari la mtu. Alitokeza kichwa. "Umekuja. Linakwaruza?"

"Halikwaruzi popote."

Alitoka, akajikung'uta, akalizunguka gari akitazama mistari. Mbele sawa. Nyuma sawa. Akasimama kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali.

"Spesa zangu zilikuwa nyeupe."

"Vumbi," akasema Taratibu. "Na moshi. Unajua barabara zetu."

"Hujafungua?"

"Nifungue ya nini?"

"Nakuuliza tu, mzee wangu. Hujafungua tairi hata moja?"

Ilikuwa nafasi ya pili, na ilikuwa bure. Angesema ndiyo, angetukanwa kidogo, magurudumu yangefunguliwa, rangi ingesuguliwa, na saa nane angekuwa njiani kwenda kuwachukua watoto. Lakini palikuwa na wateja wanne kwenye benchi wakisikiliza, na tangu Jumatatu mzee huyu alikuwa amechekwa vya kutosha.

"Sijafungua. Ila jana nilizikaza mwenyewe, kwa mkono mrefu."

Fundi alimtazama. Alimjua kwa miaka mingi. Huyu hakuwa mtu wa kudanganya. "Basi kama umekaza na mistari imenyooka, nenda. Nina gari la ambulensi hapa linanisubiri." Akarudi chini ya gari.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walisahau kutaja kwamba mara nyingine kilio ni cha nyumba ya jirani.

Alhamisi alasiri sauti ikaanza. Ilikuwa ndogo: tak, kimya, tak, kimya, wakati gari likikata kona ya kulia.

"Baba, unasikia?" akauliza Mwalimu. Alikaa mbele, amempakata Kidoti, mdogo kuliko wote, msichana wa miaka mitano mwenye alama nyeusi juu ya mdomo. Kiti cha saba kilikuwa cha mabegi.

"Kokoto. Matairi mapana huokota kokoto."

Nyuma watoto walishaisikia na kuipenda. Mtoto mkubwa wa Madamu alianza kupiga makofi kuifuata, tak, tak, wengine wakadakia, na Kidoti mapajani akawa anatikisa kichwa. Walifika nyumbani kwa mtoto wa mwisho wakiimba. Taratibu aliimba nao.

Kabla ya chakula cha jioni alitoka uani akachuchumaa mbele ya kila gurudumu. Mistari yote ishirini ilikuwa imenyooka. Aliweka kiganja juu ya tairi la nyuma kushoto akalisukuma. Likatulia, maana gari tupu lililosimama halina cha kukwambia. Akarudi ndani.

"Nenda kwa Fundi kesho asubuhi kabla ya kuwachukua," akasema Mwalimu.

"Kesho ni mkutano wa wazazi, Madamu anataka wawahi. Nitakwenda Jumamosi."

"Baba, wale ni watoto wa watu."

"Unanifundisha kuendesha gari?" Sauti ilipanda, na katika nyumba ile sauti haikuwa na desturi ya kupanda. "Miaka thelathini! Nimewahi kumwangusha nani?"

Mwalimu aliangalia sahani yake. Mama Mwalimu alimtazama mumewe kwa muda mrefu. "Si ulikaza vizuri?" akauliza.

"Nilikaza mpaka mkono ukauma."

"Basi," akasema, lakini hakula.

Ijumaa barabara ya shule ilijaa magari. Shule ilikuwa chini, mwisho wa mteremko mrefu wa lami, na kutoka juu uliliona geti la bluu, benchi la mlinzi, na sare za watoto waliomiminika. Gari la Madamu lilikuwa nyuma ya Taratibu, karibu kumgusa.

Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena tak. Ilikuwa mngurumo mfupi mfupi, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili. Watoto hawakuiimba.

"Babu," akasema Kidoti, "kiti kinatetemeka."

Na yeye alikuwa ameuhisi mtetemo huo, si mikononi bali kwenye makalio, na dereva wa lori anajua maana yake: ni gurudumu la nyuma, na si kokoto. Mbele yake mteremko ulianza. Nyuma yake Madamu alipiga honi. Kwa sekunde moja au mbili mguu wake ulibaki hewani kati ya mafuta na breki, na nataka kusema wazi kwamba sekunde hizo alifikiria kuteremka nalo hivyohivyo. Mita mia mbili tu. Geti lile pale.

Akakanyaga breki.

"Shukeni wote. Mwalimu, washushe, wasimame kule ukutani. Sasa hivi."

"Baba, kuna nini?"

"Washushe, nimesema!"

Walishuka na mabegi yao, watoto watano, wakapangwa ukutani. Taratibu alizunguka nyuma, akaanza kuinama. Honi ikalia mfululizo. Madamu alishusha kioo.

"Mzee, umeziba njia! Mkutano ni saa mbili!"

"Madamu, gari lina tatizo."

"Basi litolee katikati ya barabara! Tutakesha hapa?"

Nyuma yake honi nyingine nne zikaitikia. Taratibu alisimama. Mkono wake ulikuwa haujagusa nati hata moja. Alipanda garini, akaachia breki, akakata usukani aliegeshe pembeni.

Gari halikwenda mita tatu. Kulikuwa na mlio mmoja mkavu, kisha mwingine, nyuma kushoto ikaporomoka kwa kishindo, na gurudumu likatoka chini ya madigadi likiwa limesimama wima. Liliyumba kidogo kama linalotafuta njia. Kisha likaanza kuteremka.

Watoto walishangilia. Walidhani ni mchezo. "Limekimbia! Limekimbia!" akapiga kelele mtoto wa Madamu, na Kidoti akaruka ruka akipiga makofi. Gurudumu likakusanya mbio, pana, zito, likaruka tuta la kwanza mbele ya macho yao na kutua bila kuanguka. Kule chini wanafunzi walikuwa wanaingia getini wawili wawili. Mwalimu alianza kukimbia akiita, na sauti yake haikufika popote.

Mlinzi alikuwa ameinuka kumfungulia mtu geti. Gurudumu lilipita kati yake na watoto wawili walioshikana mikono, likalipiga benchi alilokuwa amekalia, likalivunja katikati, likagonga ukuta na kuruka urefu wa mtu. Ndipo likalala. Juu ya mteremko hakuna aliyepiga makofi tena.

Madamu ndiye aliyepata sauti kwanza. "Huyo fundi wako aje," akasema. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Aje sasa hivi!"

Fundi Chaki alifika kwa pikipiki, na chaki yake sikioni. Wazazi walikuwa wamejaa.

"Wewe ndiye uliyefunga?" akauliza Madamu. "Basi leo unalala kituoni. Mmeona? Mtu anachukua watoto wetu anatufungia vyuma chakavu! Nampigia afisa sasa hivi."

Fundi alipiga magoti kwenye habu iliyokuwa imekaa juu ya lami. Bolti tano, zote zimekatika. Tatu zilikuwa na kutu changa ya siku mbili, mbili zilimeremeta. Spesa ilikuwa imebaki inaning'inia. Aliiparura kwa ukucha, na ngozi nyeusi, laini, ikatoka ndefu kama ganda la chungwa. Akaishika kati ya vidole. Kisha akainua macho kumtazama Taratibu, na katika macho yale hapakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Mimi sikuweka rangi," akasema polepole.

"Rangi gani?" akauliza Mwalimu, ambaye alikuwa amepanda mteremko anahema. "Baba, rangi gani?"

Hakuna aliyekuwa anaelewa isipokuwa wawili hao. Taratibu angeweza kukaa kimya, na Madamu angeendelea kupiga simu yake, na mtu mfupi mwenye chaki angeondoka na polisi. Watoto watano ukutani walikuwa wanamtazama Babu yao.

"Ni mimi," akasema. "Nilifungua Jumanne. Nilipaka rangi ili zisionekane, nikafunga. Jumatano Fundi aliniuliza mara mbili, nikamwambia sijafungua. Mistari nilichora mwenyewe. Fundi hana kosa."

Madamu aliteremsha simu. Kwa muda mfupi ilionekana kama atakumbuka ni nani aliyetaka zisionekane. Kama alikumbuka, hakusema. Aliwashika wanawe wawili mikono. "Hawa usiwaguse tena," akasema. "Na wazazi wengine nitawaambia mwenyewe, huko huko mkutanoni. Magurudumu yangu nitatuma mtu ayachukue." Mlango wa gari lake ukafungwa.

Mwalimu alikuwa bado amesimama. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama mwanafunzi anayefanya hesabu ya kichwa.

"Jumatano asubuhi na alasiri," akasema. "Alhamisi asubuhi na alasiri. Na leo."

"Mwanangu—"

"Mara tano, Baba. Watoto watano, mara tano. Na jana ulikuwa unaimba nao."

Simu ya Taratibu ilitetemeka mfukoni. Habari zilikuwa zimeshafika nyumbani. Habari mbaya hazina matuta.

"Watoto?" akauliza Mama Mwalimu.

"Wazima."

"Wote?"

"Wote."

Alimsikia akivuta pumzi, kisha akalia, kilio kifupi cha mtu aliyejikata. "Imekuwaje?"

"Ni ile rangi, mama. Haikutakiwa pale."

"Ni mimi niliyesema tupake kote," akasema. Akakata simu yeye mwenyewe.

Honi zilikuwa zimekwisha; magari yalipita pembeni polepole, kila mmoja akichungulia. Mwalimu aliwakusanya watoto watatu waliobaki awateremshe kwa miguu. Kidoti akamponyoka, akaja mpaka kwenye gari lililopiga goti, chupa yake ya maji shingoni.

"Babu, saa tisa utatufuata?"

"Sitakuja, mama."

"Jumatatu?"

Taratibu alitikisa kichwa.

"Kwani umekosa nini?"

Alitafuta neno dogo la kumtosha mtoto, akalikosa, akasema lile lililokuwepo. "Nilidanganya."

Kidoti alilifikiria jambo hilo kwa makini. Shuleni lilikuwa na dawa yake na aliijua. "Si useme samahani tu?"

Mwalimu alikuja akamshika mkono bila kumtazama baba yake, na wakaanza kuteremka, wanne, wakiwa wameshikana. Walikuwa wameshafika nusu ya mteremko Taratibu alipolitamka lile neno. Alilitamka mara mbili. Fundi peke yake ndiye aliyelisikia. Alikuwa anatafuta jiwe la kuliwekea gari lisije likateremka.